Kidole Gumba na Kichwa cha Shisha ya Mzee Nassor

Mkiniona mahali naletewa juisi ya machungwa nikasema ahsante, nipeni maji tu, msidhani nina sukari. Nina aibu. Ni aibu ya Ijumaa moja hapa hapa Dubai, na wala hakunitia mtu, nilijitia mwenyewe kwa kidole gumba cha mkono wangu wa kulia, ndiyo maana hata sasa nawasimulia huku mkono uko mfukoni (mazoea tu, siku hizi hauna kitu).

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Sijui nilizaliwa hivyo au ni kazi, maana nakaa mapokezi kwenye hoteli ndogo pale Al Rigga, na ukishakaa mapokezi muda mrefu unajifunza kwamba mgeni anayecheka sana wakati wa kuondoka ana taulo letu kwenye begi lake. Basi tabia ile nikarudi nayo mpaka nyumbani, Al Muraqqabat, nilikokuwa nikikaa chumba kimoja na Mkenya anaitwa Odhiambo, mtu mwema tu, lakini nilikuwa nikifungua friji nikaona maziwa yangu yamepungua siulizi, natia alama ya kalamu kwenye chupa halafu namwangalia usoni akiamka.

Sasa mtu wa namna hiyo akapenda. Salha anafanya kazi kwenye duka la dawa lililo jirani na hoteli yetu, mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa huku huku, na babake, Mzee Nassor, ni wa zamani sana Bur Dubai, hata wenye maduka ya vitambaa pale mtaani wanamwamkia kwa jina. Nilipomwambia Salha nataka kuleta wazee wangu waseme jambo rasmi, akanijibu, "Baba anataka kukuona kwanza peke yako, uje Jumapili unywe chai." Mwingine angefurahi. Mimi nikajiuliza, kwa nini peke yangu?

Nikaenda. Mzee akanipokea vizuri, mrefu, mpole, kofia yake imekaa sawasawa, akaniketisha sebuleni mbele ya sahani ya matunda, akaniuliza habari za Tanga na habari za kazi, mara simu ikalia chumbani akasema, "Nisubiri kidogo, baba, huyu ndugu yangu yuko Sharja, nisipompokea atanuna." Akaingia ndani, nikabaki peke yangu. Nikatazama dari, nikaona kitu cheupe cha duara kina taa nyekundu ndogo inawaka na kuzima, nikajua moja kwa moja kwamba hiyo ni kamera na kwamba simu ile ni ya uongo, mzee yuko ndani ananitazama aone mchumba wa mwanawe akiachwa peke yake anafanya nini. Nikatoa tasbihi mfukoni nikaanza kuvuta uradi, nimekielekea kile kitaa. (Kilikuwa king'ora cha moto. Nilikuja kujua baadaye, na walionijulisha walichelewa makusudi.)

Uradi ukaniishia, mzee hajarudi. Pembeni palikuwa na kitu kimesimama juu ya kabati fupi, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na mimi kitu kilichofunikwa hakinipi raha. Ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo ulioniponza: niliinuka, nikaipa kamera mgongo, nikafunua.

Ilikuwa shisha tu. Lakini shisha ya kioo kitupu, chupa kioo, shingo kioo, na juu kabisa kile kichwa cha kutia tumbaku nacho kioo, safi, yaani kitu cha kupendeza. Nikaridhika, nikawa nashusha kitambaa, uzi wa ule ufumaji ukanasa kwenye kichwa, nikavuta, kichwa kikatoka, kikapiga kwenye marumaru, na mlio wake mpaka leo nausikia nikifumba macho.

Hapo, jamani, neno lilikuwa moja tu, "Mzee, samahani, nimekuvunjia," na mambo yangeishia pale. Lakini mimi nikawaza, mbona kimetoka kirahisi hivi? Si kimewekwa makusudi? Nikaokota vipande nikavitia kwenye leso, leso nikaitia mfukoni, nikasema nitanunua kingine nije nikiweke kimya kimya. Kipimo? Nikakiingiza kidole gumba kwenye mdomo wa ile shingo, cha mkono wa kulia kwa sababu kitu kinachokwenda kinywani mwa mzee sikuweza kukigusa kwa mkono wa kushoto, mama yangu hakunilea hivyo, nacho kikaingia kikakaa barabara mpaka kwenye kifundo. Nikajiambia kipimo nimekipata. Kisha nikachukua chungwa kwenye sahani ya matunda nikalipachika juu ya shingo mahali pa kichwa, nikalifunika kwa kitambaa, nikarudi nyuma nikatazama. Lilikaa vizuri kuliko kichwa chenyewe.

Jioni ile Salha akanipigia. Baba amekupenda, akasema, Ijumaa Ami Khalfan anakuja kutoka Sharja, uje tule sote baada ya swala, na wao wakishakula huwasha shisha yao, na kwenye shisha ndipo mambo makubwa ya nyumba yetu yanapoamuliwa. "Kama watakukubali," akasema, "watakukubali hapo." Nikamuuliza, "Kuna kingine chochote unataka kuniambia?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapana. Wewe je?" Nikasema hapana. Na mimi nikalala nashuku ule unyamavu wake.

Odhiambo nilimwambia, ilibidi, maana alinikuta nanusa leso. Akasema, "Bro, si umwambie tu mzee ukweli? Ni glasi tu, hujaua mtu." Nikamwona huyu ana wivu, anataka niharibu. Kesho yake nikaenda kupanda metro na ile leso, nikamwona mlinzi anatazama watu mikono, nikaona mtu mwenye vipande vya kioo vinavyonuka moshi ataulizwa maswali mengi, nikavitupa kwenye pipa la taka nje ya kituo. Kumbukeni hilo pipa.

Ijumaa asubuhi nikaenda duka moja la shisha huku huku Deira, duka limejaa vioo tangu sakafuni mpaka juu, mwenyewe Mhindi wa makamo anayechanganya Kiarabu na Kiingereza na Kiswahili cha wateja wake. Nikamwambia nataka kichwa cha kioo. Akaniuliza, "Chako kinaingia ndani ya shingo, au kinafunika shingo juu?" Nikamtazama. Nikajua ameanza. Anataka aniuzie viwili.

"Wewe nipe kichwa," nikamwambia.

"Habibi, viko saizi nyingi. Kinachoingia, tunapima nje ya mkia wake. Kinachofunika, tunapima ndani. Ukikosea kidogo tu, ama hakiingii, ama kinayumba, moshi unatoka pembeni. Lete shisha, au piga picha, au lete kile cha zamani, hata kimevunjika, kipande cha mkia kinatosha."

Kipande cha mkia. Kilikuwa kwenye pipa. Nikasema sina haja na picha, kipimo ninacho, nikamwonyesha kidole gumba. Akakiangalia kidole, akaniangalia mimi, akasema, "Hiki ni kidole."

Nikaanza kuvijaribu vichwa vyake kimoja kimoja, naingiza gumba kwenye mkia kwa chini, hiki kinabana, hiki kinapwaya, mpaka nikapata kimoja kikakaa barabara mpaka kwenye kifundo, vilevile kama ile shingo. Nikafurahi, nikakisukuma kidogo zaidi nihakikishe (huo ndio ushenzi wa kushuku, hata ukipata unataka kuhakikisha), kikapita kifundo, na hapo hapo nikajua kwamba hakirudi.

Nilivuta. Nilizungusha. Yule bwana akaanza kunitazama kwa jicho ninalolijua vizuri, ndilo jicho langu mwenyewe la mapokezi mgeni akiondoka na begi nene. "Lipa kwanza," akasema, "halafu tutatoa." Nikalipa. Akaleta maji ya sabuni kwenye kikombe, nikashuku ile sabuni. Akaleta nyundo ndogo, nikashuku zaidi. Kabla hatujakubaliana adhana ikaanza, akazima taa akasema, "Khalas, nafunga, swala. Rudi saa kumi." Nikasukumwa nje, jua la Deira limesimama utosini, kidole ndani ya kioo, na kwenye joto lile kidole kikaanza kuvimba.

Nikaenda msikitini, ningekwenda wapi. Udhu nao ukawa kazi, maana maji lazima yafike kwenye ngozi, nikayamimina kwenye kile kichwa cha kioo kwa juu yakapita pembeni ya gumba yakachuruzika chini kwenye kiwiko, na mzee mmoja wa Kipathani, mtu wa Pakistan, kwenye bomba la pili akaacha kujiosha akabaki ananitazama. Kwenye safu nilikuwa nikisujudu kioo kinagonga sakafu kandokando ya zulia, ko, nikiinuka kimya, nikisujudu tena ko. Sikumbuki hotuba ilihusu nini. Nilikuwa naomba dua moja tu.

Simu ikaingia kabla sijavaa viatu. Salha. "Uko wapi? Wameshafika, wanakungoja wewe." Saa kumi ya yule mwenye duka ilikuwa mbali. Nikaufunga mkono kwa leso, ile ile leso, nikavuka kwenda Bur Dubai.

Mlangoni nikamwamkia Mzee Nassor nikampa kiwiko. Akakishika kiwiko, akasema marahaba, hakuuliza. Ami Khalfan, nduguye, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, akauliza yeye. "Mkono una nini?"

"Nimeungua kidogo, Ami."

"Umeungua na nini?"

"Pasi."

"Pasi," akasema, akamtazama kaka yake.

Akaja Bi Zamzam, mamake Salha, na gilasi za juisi ya machungwa, baridi, nami kiu imenishika, nikaipokea kwa mikono miwili kama mtoto, nikainywa yote. Tamu kweli. Nikamshukuru. Yule mama akatabasamu tabasamu ambalo nililishuku pale pale, na hiyo ndiyo shuku pekee ya wiki nzima iliyokuwa ya haki.

Kisha likaletwa sinia la pilau likatuliwa chini, tukalizunguka. Nyinyi mnajua sinia. Halina vijiko. Ni bismillah na mkono wa kulia, na mkono wa kulia wangu ulikuwa umevaa kioo. Kula kwa kushoto mbele ya wakwe ni bora uondoke. Wote wamekwisha kumega, mimi nimekaa, na ndipo ulimi wangu bila kuniomba ruhusa ukasema, "Nyinyi kuleni tu, mimi nimefunga."

Ami Khalfan akashusha tonge. "Umefunga. Ijumaa peke yake?"

"Ndiyo, Ami. Nina deni la Ramadhani."

"Na ile juisi uliyokunywa sasa hivi?"

Nikasema nilisahau. Akasema mtu husahau akanywa funda moja, si gilasi nzima na ahsante juu. Halafu akamgeukia Mzee Nassor, na akasema bila kupunguza sauti, "Bwana, mtu huyu anaficha mkono na anaongopea saumu. Hebu tuone huo mkono. Isije ikawa tunampa mtoto mtu mwenye maradhi, au mwenye alama za mambo mengine." Nilimwona Salha amesimama kwenye mlango wa jikoni, mtandio kwenye mdomo, na sikujua analia au anafanya nini.

Nikafungua leso.

Gumba langu limevimba jekundu, limepenya mkiani, ncha yake inachungulia ndani ya kichwa cha shisha mahali pa tumbaku. Ami Khalfan akainama akaangalia kwa karibu, akarudi nyuma akasema taratibu, "Hii si pasi."

Mzee Nassor akainuka. Akanawa, akafuta mikono, akaenda pale kwenye kabati fupi, akashika kitambaa cha kufuma kwa ncha, akakifunua polepole. Juu ya shingo ya shisha, mahali pa kichwa, limekaa tofaa jekundu.

Na mimi, Mungu anisamehe, mtu aliyejizuia wiki nzima asiseme, nikasema kwa sauti, "Mbona mimi niliweka chungwa?"

Basi. Maneno yameshatoka. Bi Zamzam akasema kutoka mlangoni, kwa upole kabisa, "Chungwa lilianza kunywea, mwanangu, nikaona haya kuwaonyesha wageni. Nimelikamua. Ndilo ulilolinywa."

Ami Khalfan alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Bi Zamzam akaja na kibakuli cha samli, akanipaka kidole akapaka na kioo, akawa anazungusha pole pole huku ananiuliza habari za mama yangu, kama vile tuko kwenye mazungumzo ya kawaida, na kichwa kikachomoka kwa ghafla kikaruka kikatua katikati ya pilau. Mzee akakitoa, akakifuta, akakipeleka kwenye shisha akajaribu. Hakikuingia. Mkia ulikuwa mnene kuliko mdomo wa shingo, na kwa kufunika shingo kwa juu nako ulikuwa mwembamba. Nilikuwa nimepima tundu kwa tundu. Hakifai ndani, hakifai nje.

Kisha akafungua mlango wa lile kabati fupi, ambalo Jumapili ile nilikuwa nimesimama mbele yake na vipande kwenye leso. Ndani mlikuwa mmejaa vichwa vya kioo, vimefungwa magazeti, vya akiba.

"Vitu hivi huvunjika kila siku," akasema. "Mimi nimevunja. Khalfan amevunja. Mama huyu huvivunja kwa makusudi, kwa sababu hataki tuvute. Hakuna aliyepachika tunda juu ya shingo ila wewe." Akakipachika kimoja, kikakaa. Akakaa na yeye. "Kuvunja si neno, baba. Lakini kwenye kioo changu umeona mtego, kwenye simu yangu umeona mtego, hata kile king'ora cha moto Salha ananambia alikuchungulia ukikisomea uradi. Sasa binti yangu akichelewa kazini siku moja, utaona nini?"

Akamgeukia Salha. "Wewe unasemaje?"

Salha alikuwa hacheki. Akasema, "Baba, mimi chungwa nililiona Jumapili ile ile. Tumezungumza kwenye simu kila siku tangu hapo, nilikuwa namngojea aniambie." Akanitazama mimi. "Ungeniambia ningecheka tu." Akaingia jikoni, na siku ile hakutoka tena.

Waliwasha shisha, wakavuta, wakazungumza habari za watu wengine. Jambo langu halikutajwa. Nikaaga, Mzee akanifungia kile kichwa kisichofaa kwenye gazeti akanipa mkononi, akasema, "Mali yako," nikarudi nacho kwa metro mpaka kituo cha kwetu, nikapita pale penye lile pipa, nikashindwa kukitupa.

Wiki ile niliumia, nasema kweli. Salha alikuwa hapokei simu. Siku moja nikafungua friji, nikaona maziwa chini ya alama, nikaichukua kalamu, halafu nikaiweka. Nikamwambia Odhiambo, "Wewe ndiye unayekunywa maziwa yangu?" Akasema, "Ndiyo, ni mimi," bila hata kuacha kufunga kamba za viatu. "Na mkate unaokula kila asubuhi unadhani ni wa nani?" Nikakaa kitandani. Miezi yote ile nilikuwa nakula mkate wa mtu huku nikimpima uso. Nikamwandikia Salha habari ile yote kama ilivyo, ya maziwa na ya kalamu na ya mkate, bila kuomba chochote, na baada ya muda mrefu akanipigia, akawa hawezi kusema kwa kicheko. Alipoweza akasema, "Mwambie Odhiambo aje na wewe. Baba anataka kumwona mtu anayekuvumilia."

Posa ikaenda, ikakubaliwa, kwenye shisha ile ile. Sasa tuna chumba chetu, na kile kichwa cha kioo kipo rafu ya jikoni, karibu na chumvi, hakina kazi. Mimi naapa sipimi tena kitu cha mtu kwa kidole changu, nikitaka kujua nauliza, lakini tabia haina dawa, na zipo jioni mwenzangu anachelewa kutoka kazini, anaingia, nami naanza, leo mbona, ulikuwa na nani, njia gani. Salha anavua viatu, anakwenda jikoni, anarudi na kile kichwa anakiweka mezani mbele yangu, kisha anakaa kunitazama. Nami naingiza mkono mfukoni, namuuliza kama ameshakula.